Sekunde Kumi na Moja

Siku ya kwanza Malimbe, Mwalimu Kashumba
alichora ubaoni visanduku vinne na mishale:
mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji.
Kisha, kwa chaki nyekundu, mkwaruzo katikati.
Hii ni kelele, akasema. Kazi yenu ni kuipunguza.

Nikanakili. Baba aliuza pamba ya misimu miwili
ili ninakili mchoro ule.
Aliponisindikiza hadi stendi ya Magu aliniuliza:
"Miaka mitatu ya kujifunza kuwasiliana?
Mbona jogoo wangu hakwenda chuo
na kijiji kizima humwelewa?"
Sikuwa na jibu. Bado nalitafuta
ndani ya vitini vya muhula wa nne,
vilivyotolewa kopi ya kopi mpaka herufi zikachoka.

Studio yetu ina trei za mayai ukutani.
Humo ulimi wangu wa Kisukuma
ulipelekwa shule mara ya pili:
si balabala, ni barabara; si habali.
Sasa mama akinipigia jioni, nasema habari,
naye hunyamaza kidogo
kama mtu aliyekosea namba.

Zoezi la tatu: mahojiano, dakika mbili,
na mtu asiye mashuhuri.
Nikaenda Igombe na kinasa sauti cha kuazima,
mfuniko wa betri umeshikwa na plasta,
nikamkuta Bi Nyanjige akigeuza dagaa mchangani.
"Unasomea kuuliza maswali?" akasema.
"Na wanaojibu, husomea wapi?"

Aliongea bei. Aliongea mvua, kunguru,
mkopo wa kikundi uliokwenda na sufuria zake.
Jenereta ikakoroma. Mtoto akalilia ndala yake.
Nikafika swali la saba, nililolipigia mstari:
Ni nani hukusikiliza?

Akaacha kugeuza.
Ziwa likapiga mawe mara mbili, labda tatu.
Korongo akapita mbele yetu kama mkaguzi wa hesabu.
Ndipo akasema: "Uliza lingine."

Usiku, bwenini, kwenye kompyuta ya Lugwisha,
niliupima ukimya ule: sekunde kumi na moja.
Katika skrini ulikuwa mstari karibu mnyoofu,
wenye vinyweleo: hapa maji, hapa pumzi yake.
Kata, akasema Lugwisha, redioni ukimya ni msiba,
msikilizaji atadhani mitambo imeungua.

Nilikata.
Nikasikiliza: swali langu, na papo hapo "Uliza lingine."
Alikuwa mwanamke mwingine, mkavu, mwenye haraka,
ambaye sikukutana naye Igombe.
Nikarudisha.

Mwalimu Kashumba alisikiliza akitazama dirishani,
kwenye miamba iliyokalia miamba bila kueleza sababu.
Akaandika kwa wino mwekundu:
Kelele imezidi. Ukimya mrefu mno.
Kumi na mbili kwa ishirini.
Na chini kabisa, kwa penseli,
kama mtu asiyetaka kuonwa akiandika:
usiifute nakala hii.

Jumamosi Bi Nyanjige akapiga simu.
"Nimekesha na redio siku tisa. Mlinirusha lini?"

Nikameza mate. "Haikurushwa, mama. Ilisahihishwa."

Nikajikuta nahesabu: moja, mbili, tatu.
Upande wa pili, mtu alikuwa anakwangua sufuria,
akaacha, akaanza tena.
Nilikuwa nimefika tisa.

"Nimepata ngapi?"
"Kumi na mbili."
"Kwa?"
"Ishirini."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Basi mwambie mwalimu wako dagaa wamepanda bei.
Na wewe, ukija tena, kile kidude kiache hukohuko.
Njoo na ndoo."