Jezi Kumi na Saba

Jumamosi, Karume, Kisebengo akakata kamba ya belo
na badala ya magauni tuliyoahidiwa
zikamwagika jezi, nzito, mikono mirefu kama ya majoho,
njano iliyopauka, ubavuni mistari ya samawati.
Nani atazivaa Dar, mwezi wa pili?
Akanisukumia kwa mguu: "Fundi, zikate madekio."

Sikuzikata.
Nguo huigeuzi mkasi kabla hujaigeuza ndani.

Nikazipanga. Moja hadi kumi na nane,
miaka imechanganyika kama ukoo kwenye picha ya harusi,
na kumi na mbili haipo.

Mpwa wangu Mbaruku akapekua simu:
"Shangazi, hizi za wanawake wa Sweden,
magongo ya barafuni. Viatuni wamefunga visu, wanakimbizana."
Barafu ninayoijua mimi ni ya ukwaju,
shilingi mia, unaing'ata kona.
Nikamwambia aniwashie taa, anipishe.

Ya zamani kuliko zote ni sufu. Shingoni: 1971.
Haikuzaliwa ya mwanamke.
Mabega yamepunguzwa inchi mbili kila upande
kwa mkono, na mtu mwenye haraka,
na kifuani jina la kiwanda limefumuliwa uzi kwa uzi,
ila sufu haisahau tundu la sindano.
Nikapitisha kidole, nikalisoma kama kipofu.
Kumbe walianzia kwenye masalia ya kaka zao.
Haya, na sisi je?

Sabini na nane, nailoni. Mgongoni tangazo la mwoka mikate.
Themanini na tano, tangazo limezibwa kiraka:
mwoka mikate amefilisika,
au amesema wanawake hawamletei wateja.
Kiraka ni cha pazia. Pazia nalijua.

Namba tisa, ÅSTRÖM.
Herufi ya kwanza imevaa ngata kichwani, inangoja mtungi.
Ubavu umefumuliwa, ukatiwa kitambaa,
kisha kitambaa kikatolewa, ubavu ukarudi.
Mshono huo nimewashonea wangapi hapa Ilala!
Aliondoka, akazaa, akarudi uwanjani.
Labda hakuna daftari lililoandika. Uzi umeandika.

Namba moja, mlinda mlango, imechakaa kifua
kana kwamba mji mzima ulimtupia mawe.
Kwenye ukosi doa la damu, limepikwa kwa maji ya moto.
Jamani. Damu hufuliwa kwa maji baridi,
nanyi baridi mnayo bure nje ya mlango!

Ya mwisho, 2009. Jina limepigwa kwa mashine,
kwapa safi, kiwiko kizima, hakuna mkono wa mtu.
Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.
Timu isiyochanika, inacheza?

Saa tisa akapita Havijawa wa kiwanda cha barafu, kule Feri.
Yeye na wenzake huburuta mapande kwa ndoano
wamejifunga kanga mbili mbili, na meno bado yanagongana.
Akaivaa namba tisa juu ya dera.
Mikono ikamfunika vidole.
"Ina joto hii," akasema. "Walikuwa wakifanya kazi gani hawa?"
"Kama yako," nikamjibu. "Barafu."
Akacheka, akadhani namtania.

Akachukua kumi na moja, buku tatu tatu, sita kwa mkopo.
Nikazipunguza mabega, inchi mbili kila upande,
juu ya matundu ya yule mwenye haraka.
Ubavu wa namba tisa nimeuachia akiba ya kitambaa.
Havijawa ameolewa mwezi uliopita.

Ya kumi na mbili sijaipata.
Kisebengo ananicheka, lakini akishika kisu cha kukatia kamba
mimi nimeshasimama pale,
miwani puani.