Msitu Haushonwi

Miaka ishirini na sita nimekanyaga cherehani
barazani kwa Twalib, mtaa wa Shela, Malindi,
na sijafika popote.
Hesabu mwenyewe: mguu wa kulia, wa kushoto,
ningekuwa nimefika Misri, nimerudi, nimesahau kitu, nimekwenda tena.

Januari daktari alitazama karatasi, akatazama miguu yangu,
akasema: sukari yako ina mbio kukushinda.
Tembea.
Nikamuuliza, niende wapi?
Akasema: popote pasipo kiti.

Nilianza na Gede, nauli yake naimudu.
Kima akanipokonya ndizi kabla sijavuta pumzi,
akaimenya kwa adabu kuliko wanangu,
na mimi nikazunguka kuta za watu waliohama bila kuaga,
mara mbili, kisha ya tatu kwa ubishi.

Februari nikampata Nyevu wa nyumba ya pili.
Alikuja Marafa na kandambili,
tukateremka korongoni jua likiwa limelegea kidogo.
Mie niliona vitambaa: bafta, doria, khaki iliyochujuka,
na chini kabisa wekundu ambao sijawahi kuupata dukani.
Nyevu akasema bibi yake alimwambia
hapa walikaa matajiri walioogea maziwa, ardhi ikawameza.
Nikamwambia, kwa bei ya maziwa ya sasa
sisi tuko salama.
Tulicheka mpaka ikabidi tukae.
Kupanda, nilikaa mara tano, na sikucheka.

Aprili sikwenda popote. Mvua.
Mei mara moja, nikaanguka.

Juni tuliingia Arabuko,
Nyevu na raba za mwanawe, mimi na mfuko wa vipande vya nguo.
Kila njia ilipogawanyika nilifunga kimoja,
kijani, cha maua, cha sare ya shule,
tusije tukapotea.
Kijana mwongozaji, Kitsao, alinyamaza hadi cha nne,
kisha akasema taratibu: Mama,
msitu haushonwi.
Akavifungua kimoja kimoja, akanirudishia vimekunjwa.

Alituonyesha sange akikatiza majani makavu,
matako ya dhahabu, pua ya kuazima.
Alituonyesha kisiki cha mbambakofi.
Huu alikata baba, alisema. Usiku, kwa msumeno wa watu wawili.
Hakututajia wa pili.
Alikipita kisiki kama mtu anavyopita kaburi la nyumbani:
hakusimama, ila hatua ilipungua.

Agosti, Mida, daraja la mbao juu ya mikoko,
linayumba, maji yanaingia chini yako kama mgeni asiyebisha hodi.
Nyevu alishika kamba akasoma kila dua aijuayo,
zikaisha, akaanza kutaja wadeni wake.

Septemba binti yake alijifungua Mariakani, akaenda, akakaa.
Nikabaki na miguu yangu.
Nilifika mlango wa Sabaki peke yangu,
heroe wamesimama majini mguu mmoja, wote, kama vile mmoja unatosha,
na mchanga ulikuwa umeihamisha njia ya juma lililopita.
Niligundua naongea mwenyewe.
Niligundua pia kwamba najijibu.

Sukari sasa ni tisa nukta mbili. Daktari anataka saba.
Twalib anasema siku hizi nashona kama mtu anayekimbilia gari.

Desemba nilirudi Arabuko.
Kitsao akaniita njia panda ya tatu, akanyoosha kidole juu.
Kitambaa kimoja kilitupita Juni ile, mimi na yeye,
kile cha kijani.
Mnana alikuwa amekichana nyuzi nyuzi,
akakisuka ndani ya kiota, kati ya nyasi na nyasi,
upande wa mlango.
Kitsao alifungua daftari, akashika kalamu, hakuandika.

Nilisimama shingo ikauma.
Nilitafuta pindo, nilitafuta mwanzo wa uzi,
mimi, fundi,
sikuuona.