Kipimo cha Bendera

Kazi ya baba yangu Kaltabang ilikuwa kupima.
Kila alfajiri, juu ya bandari ya Vila,
alisimama na ufito wenye alama za wino
kati ya mlingoti wa Mwingereza na mlingoti wa Mfaransa,
ahakikishe hakuna bendera iliyoizidi nyingine
hata kwa upana wa kidole.
Siku moja upepo uliikunja ya Mfaransa.
Barua ziliandikwa miezi mitatu.

Tulikuwa na kila kitu mara mbili:
polisi wa kofia hii na polisi wa kofia ile,
hospitali mbili, sarafu zinazogombana mfukoni,
jela mbili (mwizi mwenye akili aliiba upande wa Mfaransa,
ilisemekana mkate wake una siagi),
na mahakama moja, ambayo rais wake
aliagizwa kutoka Uhispania
ili asimpendelee mtu.
Mafahali wawili hawakai zizi moja, husemwa.
Hapa walikaa. Miaka sabini na minne.
Samadi tukazoa sisi.

Baba alipoomba hati ya kusafiri
akamzike dada yake Numea,
Mwingereza alimwambia: wewe si raia wetu.
Akavuka barabara.
Mfaransa alimwambia: wewe si raia wetu.
Akatoka, akazitazama bendera mbili
alizozisawazisha kwa mkono wake mwenyewe.
Shangazi alizikwa na watu wasiolijua jina lake.

Mama hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa hesabu.
Mimi alinipeleka shule ya Kiingereza,
kaka yangu Kalorib shule ya Kifaransa,
akarudi anaitwa Etiene.
"Yeyote atakayebaki," alisema, akimenya taro,
"nitakuwa na mtoto wa kunisomea barua zake."

Hakubaki yeyote.
Julai ile ikapanda bendera yenye jino la nguruwe
lililojikunja mpaka likarudi lilikotoka.
Baba akaja na ufito wake, kwa mazoea.
Mlingoti mmoja.
Alizunguka, akasimama, akazunguka tena.
Watu walidhani anacheza ngoma.

Sasa ninachapa nyaraka bungeni.
Viti hamsini na viwili. Wanawake siku hiyo:
mimi, ninayechapa.
Hoja za kutokuwa na imani nazijua kwa moyo,
nabadilisha jina na tarehe.
Waziri Mkuu niliyempelekea chai saa nne
saa tisa ameketi upande wa pili, kikombe ni kilekile.
Fundi wa vibao vya majina amejenga nyumba ya matofali.
Tunacheka. Halafu kimbunga kinang'oa mapaa ya Tanna,
na mchele wa msaada unangoja sahihi
ya mtu ambaye kiti chake bado hakijapata joto.

Sisemi zamani ilikuwa afadhali.
Nani atasema hivyo, aliyemwona baba akivuka ile barabara?

Ufito anao Kalorib. Anaangulia mapapai.
Jumapili nilimkuta nyuma ya nyumba,
alama za wino bado zinasomeka, futi kwa mita.
Nilimwambia kwa Kiingereza aurudishe, uwekwe makumbusho.
Akanijibu kwa Kifaransa kwamba makumbusho hayali papai.
Basi tukagombana sawasawa, kwa Kibislama,
lugha waliyoiokota babu zetu mashambani mwa miwa, Queensland,
vinywani mwa watu wa visiwa wasioelewana,
lugha tuliyochapwa viboko kwa kuinong'ona, yeye kule, mimi huku;
ndani yake hakuna kati yetu aliyemzidi mwenzake
hata kwa upana wa kidole.

Papai likaanguka, likapasuka.
Tulikula lile lililopasuka, tumesimama,
mbegu tukizitema popote.