Daftari la Bamvua

Mimi ni katibu wa kamati kwa sababu mwandiko wangu unasomeka,
si kwa cheo kingine chochote hapa Tongoni.
Ninaweka madaftari mawili.
La kwanza lina muhuri wa Halmashauri na mistari myekundu.
La pili lilikuwa la hesabu la mwanangu wa darasa la tano;
nilianzia kurasa alizoacha.

Oktoba tuliomba:
viriba, sepetu sita, mabuti ya mpira jozi kumi,
posho ya kina mama watakaoshinda topeni.
Bwana Shekiango, afisa misitu, aliipeleka barua mwenyewe
kwa pikipiki aliyoijaza mafuta kwa fedha zake.
Tukajibiwa: mgao haujatoka.

Masika yakaja bila kuuliza mgao.
Mbegu za mkoko zikaiva, ndefu, zimechongoka kama kalamu,
zikajiangusha zenyewe, chubwi, chubwi,
na bamvua la mwezi mpevu likavuta maji mbali,
likatufunulia tope jeusi lenye harufu ya yai viza,
lile hasa linalopendwa na mkoko.
Tulilitazama.
"Tusubiri," nilisema mimi, "fungu linakuja."
Nimeliandika hilo pia, katika la pili.

Mwanakombo Kaniki hakusubiri.
Alisema mgonjwa hangoji daktari apandishwe cheo.
Akafunga mbegu mia mbili katika kanga kuukuu,
akazama hadi magotini nyuma ya mashamba ya chumvi,
akachomeka, akachomeka,
siku tatu, peke yake.

Tarehe ishirini na saba Juni simu ikalia.
Fungu limeingia.
Litumike kabla ya tarehe thelathini, saa sita za usiku,
la sivyo mfumo unafunga na fedha inarudi Hazina.
"Lakini ni maji mafu," nikamwambia. "Tope halifunuki."
Mtu wa Lushoto, ila maji mafu anayajua.
Nilimsikia akipumua.
"Mfumo," akasema, "haujui bamvua."

Basi tukapanda mchangani,
pakavu, panapofikika kwa gari la wageni.
Miche elfu mbili, imenyooka kama watoto wa paredi,
fulana za kijani, maji ya chupa,
kibao cha bati chenye nembo
na nguzo zake mbili: boriti za mkoko.
Hakuna aliyeuliza zilikatwa wapi.
Kina mama wakatia dole gumba kwenye orodha.
Sitasema hawakulipwa. Walilipwa, mpaka shilingi ya mwisho,
na Bi Mwanaheri akaezeka upande wa jiko uliokuwa ukivuja.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Agosti nilihesabu: arobaini na mmoja.
Septemba: tisa, na mbuzi
akiwa na wa kumi mdomoni.
Daftari lenye muhuri linasema imetekelezwa, asilimia mia.
Mwandiko ni wangu. Unasomeka.

Juzi Shekiango alikuja bila gari, bila barua.
Akavua viatu, akakunja suruali ya kazini,
akaomba apelekwe nyuma ya mashamba ya chumvi.
Miche ya Mwanakombo imekaribia gotini,
majani sita sita, na kaa wameshahamia chini yake.
Tulihesabu watatu sisi, tukapotea mara mbili, tukaanza upya:
mia moja sabini na mbili.

Alitoa fomu mfukoni, akaitazama sana.
"Hii niiweke fungu gani? Haina hati ya malipo, haina kasma."

Mwanakombo alikuwa ameinama, anabandua mwani ulionasa kwenye mche.
Hakuinua kichwa.
"Iache palepale ilipo," akasema.

Maji yakaanza kurudi.
Fomu ikarejea mfukoni, tupu,
pembe moja imelowa.