Makunyanzi ya Gundi

Saa tisa usiku, Mawaleh.
"Kata! Rayya, lia kwa Kiarabu."
Kwenye msiba wa uongo
limenitoka "Mama wee!"
la Ng'ambo, la marehemu mama,
nililorithi pamoja na mbuzi ya nazi.
Mara ya sita nimelia sawasawa.

Alfajiri naingia nyumbani, Seeb,
na makunyanzi ya gundi usoni,
ajuza wa miaka themanini
kanzu imelowa maziwa kifuani.

Mazna kapiga yowe,
kajificha nyuma ya pazia.
"Taali, habibti." Wapi!
"Weye! Nani kamwaga uji?"

Pazia likacheka.
Akaja, akanipanda mapajani,
akaubandua uzee wangu
kipande kipande,
kimoja akajibandika mwenyewe
kwenye paji,
akalala hivyo hivyo, bibi yangu mdogo,
akinyonya.