Karatasi ya Makadara

Jaji hajaiona. Mimi nimeiona,
masjala ya Milimani, chai ikipoa:
Ombasa, Makadara, kisu, miaka mitatu.
Nikaikunja, nikailaza chini ya daftari
ingoje hatia, kama hatia itakuja.

Shahidi asema usiku ule Kariobangi stima zilipotea,
aliona koti tu.
Koti!
Jaji anaandika kwa mkono,
kalamu haina habari ya kisu cha zamani.
Mimi, nisiyeulizwa kitu,
nilishamfunga tangu kile kikombe.

Nje, kwenye korido, mamake akanishika kiwiko:
“Ile ya Makadara, ameambiwa?”
“Hajaambiwa, mama. Sheria inakataza.”
Akashusha pumzi,
kisha akanitazama usoni
kama asomaye karatasi iliyokunjwa vibaya.