Machimbo ya Njiru

Kisilu aliinunua Landrova kwenye mnada wa polisi,
mlango mmoja kijani, mitatu buluu,
akaiita Mjane
kwa kuwa ilikohoa usiku kucha na asubuhi ikaamka.

Tulikuwa tumeahidiana Chalbi tangu mwaka juzi.
Ramani ipo, dizeli ipo, mahema ya kuazima,
koleo, kamba nene ya kuvutia gari.
Ila kila mwezi ulikuja na lake:
karo, matanga, bosi wa Nzilani,
gia ya nne iliyokataa kukaa.
Mpaka Jumapili moja Hirbo,
aliyezaliwa huko huko tunakotaka kwenda kushangaa,
akasema: Jangwa lipo hata Njiru. Ingieni.

Tukapita Kayole watu wakielekea kanisani,
viatu mkononi, wakivuka tope la bomba lililopasuka,
nasi na miwani ya jua na jerikeni nne za maji
kama watu wasiorudi leo.
Mtoto akatuuliza, Mnauza?
Nzilani akampa chupa moja.
Hakuna aliyegeuka nyuma tulipoondoka.

Lami ikaisha. Changarawe ikaisha.
Kisilu akaingiza gia ya magurudumu manne,
Mjane akainamisha pua,
tukateremka, mawe yakipiga tumbo la gari
kama mtu anayebisha hodi akijua mpo.

Chini: vumbi la kijivu, joto,
toroli bila gurudumu, kandambili moja,
na kuta, kuta ndefu zilizochanwa kwa patasi,
mstari chini ya mstari chini ya mstari,
mpaka juu kabisa, kwenye kipande cha anga
na mwewe wawili wa Dandora.
Hirbo akapiga honi. Honi ikarudi
imechelewa, imezeeka.
Hakupiga tena.

Nzilani ndiye aliyeona maandishi,
makaa juu ya jiwe, chini ya mwamba uliotokeza:
*Ndolo arobaini. Mutisya thelathini na nane.
Ndolo arobaini na moja.
Mutisya. Mutisya.
Ndolo mgonjwa.
Ndolo kumi na mawili.*
Kisha ukuta mtupu.
Jiwe lilikuwa shilingi ngapi? akauliza.
Hatukujua. Sote wanne tunaishi ndani ya mawe
na hatukujua.

Kisilu alitoa simu apige picha,
akaitazama, akairudisha mfukoni.

Kurudi, Mjane alizama.
Pale ukingoni mwa dimbwi palionekana pakavu,
uso tu, kama uji ulioshika ngozi.
Tulichimba. Tuliweka matawi, tuliweka mazulia ya gari,
tuliweka lawama.
Nne za jerikeni zikabaki mbili.
Jua lilipoegemea Ruai wakatokea vijana watano
na mwanamke mwenye mtungi,
wakashika kamba bila kuulizwa,
na mwanamke akawahesabia: moja, mbili, haya!
Gari likatoka likipiga chafya.

Mlikuwa mnatafuta nini huku?
Jangwa, Hirbo akajibu, ameoga tope mpaka nyusi.
Mwanamke akacheka hadi akautua mtungi.
Mngeuliza, akasema. Njia ni ile.
Sisi hupita kila siku.
Tukamwachia jerikeni mbili, akazipokea
bila asante nyingi, kama mtu anayerudishiwa deni.

Usiku, Umoja, umeme umekatika.
Jikoni kwetu plasta ilidondoka tangu mvua za Aprili
nami huahidi kila mwisho wa mwezi kuipiga upya.
Niliweka kiganja pale.
Mistari ipo. Ya patasi. Imelala hivi, kidogo kushoto,
ya mtu aliyetumia mkono wa kushoto, au aliyechoka.
Nikawasha mshumaa,
nikayahesabu mawe yaliyo wazi,
kutoka dirishani mpaka mlangoni.
Nilipofika kumi na mawili
nikauzima.